Kuvuja kwa Pakacha: Taka za Plastiki na Chombo cha Mnunuzi

Mhadhara uliotolewa jijini Dar es Salaam mbele ya walimu, wanafunzi na wafanyabiashara wa soko. Umepunguzwa kidogo kwa ajili ya kuchapwa.

Mwalimu mstaafu wa kemia akialikwa kuzungumza jioni, hatari yake mnaijua. Nitajitahidi nisiandike ubaoni.

Nimekuja na pakacha. Mlio nyuma mnisamehe, halionekani vizuri kutoka huko, lakini linazunguka, litawafikia. Nimelisuka leo asubuhi, na mwenye jicho la Pwani ataona mara moja kwamba mkono wangu umeshasahau: upande huu umekaza, ule umelegea. Ni kipande cha kuti bichi la mnazi, basi. Uti wake unakunjwa uwe mdomo, majani yanasukwa kwa kupishana, chini unafunga kwa msokoto mmoja mrefu. Anayejua hulimaliza kabla mteja hajachoka kusimama. Mimi lilinila karibu saa nzima, na mjukuu wangu alikuwa ananihurumia waziwazi.

Utotoni kwetu Pangani samaki walitoka pwani ndani ya pakacha, na madafu, na maembe. Ukifika nyumbani ukishamimina, pakacha unalitupa nyuma ya nyumba, na baada ya masika huoni tena ulipolitupa. Nalitaja hilo makusudi, kwa sababu wanaotuhubiria habari za taka hupenda kusema kwamba wazee wetu hawakuwa watu wa kutupa. Walitupa sana! Pakacha ni mfuko wa kutumia mara moja, hauna heshima yoyote zaidi ya hiyo. Ila kitu cha kazi ya saa moja kilitengenezwa kwa mali inayooza upesi. Sisi leo tumechukua mali inayoweza kutuzika sote na wajukuu zetu, tukaifanya kifuko cha kubebea nyanya nne kutoka gengeni hadi jikoni.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Methali hii ina kejeli ndani yake. Mzigo si wa mchukuzi, yeye kakodiwa tu; kinachodondoka njiani ni hasara ya mwenye mali, ila yeye shingo inapumua. Iwekeni akibani, nitairudia.

Kwanza nataka kuwarudisha dukani.

Duka la mtaani kwetu lilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: njoo na chombo chako. Mafuta ya taa yalikuwa na chupa yake, mafuta ya kula chupa yake, na ole wako uzichanganye. Maziwa, bakuli lenye kifuniko. Mchele ulipimwa kwa kibaba, vibaba vinne ni pishi, ukamiminiwa kikapuni juu ya kitambaa. Sukari ilifungwa kwa karatasi iliyokunjwa pembe kwa ustadi ambao sijauona tena. Mtoto aliyetumwa bila chombo alirudishwa, akafika nyumbani akapokelewa kwa maneno makali kuliko ya mtoto aliyepoteza senti. Mimi nimerudishwa mara nyingi, na ndiyo maana nakumbuka.

Mfuko wa nailoni ulipoingia, ule tuliouita rambo, watu waliona wepesi wake, wakaona haupitishi maji, wakaona ni wa bure. Kilichobadilika hasa hakikuonekana: wajibu ulihama. Chombo kilikuwa cha mnunuzi, sasa kikawa cha muuzaji. Mtu akaweza kutoka kazini mikono mitupu, akapitia sokoni, akarudi na vitu kumi katika mifuko kumi. Miaka si mingi, tukazaa kizazi kisichojua kwamba kutoka nyumbani bila kikapu ni kusahau kitu. Hoja yangu ya leo ni hiyo, na sina nyingine kubwa zaidi: taka za plastiki tunazotafutia dawa jalalani zinazaliwa dukani, pale mnunuzi anapofika bila chombo na muuzaji anapompa kimoja cha kutupa.

Sasa kemia kidogo, nimeshindwa kujizuia. Polithini, ndiyo mali ya mfuko huo tunaouita wa nailoni, iligunduliwa kwa bahati mwaka 1933 huko Northwich, Uingereza, katika maabara ya kampuni ya ICI. Wanakemia wawili, Eric Fawcett na Reginald Gibson, walikuwa wakitafuta kitu kingine kabisa chini ya shinikizo kubwa, wakakuta mabaki meupe kama nta chini ya chombo. Na kweli ni ndugu wa nta: polithini ni mnyororo wa kaboni na haidrojeni uleule wa mshumaa, umerefushwa mara mamia. Hapo ndipo palipo nguvu yake. Vijidudu vya udongoni vinavyomaliza pakacha kwa majuma havijui pa kuanzia kuutafuna mnyororo mrefu hivyo. Jua linauvunja, ndiyo, lakini linauvunja kuwa vipande, na vipande kuwa chembe, na chembe bado ni plastiki ileile. Watafiti walionunua sangara na sato katika soko la Mwanza, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2016, walizikuta chembe hizo tumboni mwa samaki mmoja kati ya kila watano. Ziwa Victoria liko mbali na bahari. Hakuna mkondo wa kigeni wa kulaumu.

Mfuko wenyewe wenye mikono miwili, ule wa kubebea, ulibuniwa Sweden na mhandisi Sten Gustaf Thulin wa kampuni ya Celloplast, ukapewa hataza mwaka 1965. Mwanawe amesimulia kwamba mzee alikuwa akitembea na mmoja umekunjwa mfukoni, autumie tena na tena. Kwa mawazo yake angeokoa miti inayokatwa kwa ajili ya mifuko ya karatasi. Mtu mwema, aliyetutengenezea kikapu chepesi mno. Hakufikiria kwamba wepesi huohuo ndio ungetufanya tuone haya kukikunja.

Serikali zetu zimefanya jambo, na anayesema hazikufanya hajakaa hapa muda mrefu. Rwanda walitunga sheria yao mwaka 2008. Nadhani wapo humu waliowahi kuvuliwa mifuko uwanja wa ndege wa Kigali. Zanzibar ilikuwa imeshatangulia, mwaka 2006. Kenya ilianza tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu iliyotisha dunia nzima: faini ya shilingi za Kenya hadi milioni nne, au kifungo cha hadi miaka minne. Tanzania Bara tukafuata tarehe 1 Juni 2019. Kanuni zetu ziliweka kwa mtu wa kawaida anayekutwa na mfuko faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au siku saba ndani. Wazalishaji na waingizaji wakawekewa mamilioni, hadi bilioni moja.

Na mifuko ikaondoka! Mnakumbuka wiki ile ya kwanza? Watu walitoka sokoni wamebeba vitunguu kwenye kofia. Wasusi wa vikapu waliokuwa wamekata tamaa walijikuta wana oda. Kwa miezi kadhaa mitaro ya mjini ilipumua, na mimi niliyekuwa nimezoea kuona miti ya michongoma imechanua nailoni za bluu njia nzima, niliiona tena imechanua maua yake.

Lakini hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Tulibadilisha mfuko, tabia tukaiacha palepale. Ile tunayoiita mifuko mbadala, laini kama kitambaa, tunayoinunua kwa mia mbili au mia tano, imetengenezwa kwa polipropilini. Ni plastiki. Ni ukoo uleule wa kiroba cha salufeti. Haikuruhusiwa kwa kosa. Iliruhusiwa kwa sharti la unene, gramu 70 kwa mita ya mraba, ili idumu na mtu arudi nayo sokoni. Mamlaka ya Mazingira ya Uingereza ilipiga hesabu mwaka 2011 ikaona kwamba mfuko wa aina hiyo unalipa gharama yake kwa hali ya hewa ukitumika angalau mara kumi na moja. Wa karatasi mara tatu. Wa pamba, mara 131. Kwa hiyo ndugu yangu mwenye mifuko minane ya pamba ya semina, yenye nembo nane, kabatini, nawe tunakuona. Niulizeni ni wangapi wanaofikisha mara kumi na moja na mfuko mbadala. Nimeona watu wakinunua mmoja asubuhi na mwingine jioni.

Ukatokea na mlango wa uani. Kanuni ziliacha vifungashio vya viwandani, vya dawa, vya kilimo, kwa sababu huwezi kuuza dawa ya sindano kwenye gazeti. Kupitia upenyo huo vikaingia vile vifuko vyeupe visivyo na mkono, vya kufungia nyanya na dagaa. Mwaka 2021 serikali ikavipiga marufuku kutumika kama vibebeo. Nendeni gengeni kesho mwone kama vimesikia.

Sitaki kuzungumza juu ya wengine tu. Mwaka jana niliamua kukusanya plastiki yote iliyoingia nyumbani kwangu kwa wiki moja. Sisi ni watu sita na mtoto mchanga. Jumapili mchana nikatandika jamvi uani nikaimwaga yote.

Chupa za maji tisa. Chupa za soda tatu. Pakiti za maziwa nne. Pakiti ndogo za sabuni ya unga sita, na nyingine za viungo vya pilau na za kahawa, sikuzihesabu. Mirija. Vijiko viwili vilivyokuja na chakula cha hotelini, hali nyumbani nina vijiko vya kulisha arusi. Kontena jeupe la chipsi, lile linalovunjika kwa sauti ya kukwaruza meno. Vile vifuko vyeupe: kumi na saba! Kifuko cha nyanya, cha karoti, cha ndimu tatu. Ndimu, nawaambieni, tunda ambalo Mungu amelifunga mwenyewe. Na pembeni, zimefungwa peke yake kwa sababu zinazoeleweka, pampasi za mjukuu, ambazo kwa uzito zilishinda kila kitu pale jamvini, na ambazo ndani ya pamba ile ni plastiki kwa sehemu kubwa. Binti yangu alisimama mlangoni akanitazama, akasema, “Mama, hizo utaziongelea wewe ukishafua nepi.” Nikanyamaza. Sikuwa na jibu, na hadi leo nimefika nusu ya njia tu: mchana nepi, usiku na safarini pampasi.

Kikubwa nilichojifunza pale jamvini ni kwamba taka zile hazikuwa za aina moja, kwa hiyo dawa yake haiwezi kuwa moja.

Chupa za maji ziliondoka wiki ileile. Tulikuwa tunazinunua kwa uvivu, tukauita uvivu huo usafi. Maji yanachemshwa usiku, yanachujwa, yanaingia mtungini asubuhi. Kila mtu ana chupa yake ya bati. Wenye haraka wanaweza kununua lile dumu kubwa la kurudisha dukani likajazwe. Hapo sikuhitaji ushujaa wowote.

Vifuko vya gengeni vilinipa kazi zaidi, kwa sababu ya aibu. Nilimpelekea fundi cherehani vipande vya kanga kuukuu akanishonea vifuko kumi vyenye uzi wa kukaza mdomo. Vinakaa ndani ya kikapu cha ukindu, na kikapu kinaning'inia nyuma ya mlango wa mbele, si jikoni. Kikikaa jikoni hutakikumbuka. Siku ya kwanza muuza dagaa alicheka: “Bibi, umeturudisha enzi za mkoloni?” Siku ya pili akapima dagaa akamimina bila neno. Siku ya tatu akanitilia nyongeza, kiganja kizima. Nikamuuliza ya nini. Akasema, “Kile kifuko nanunua mimi.” Nilisimama pale nikajiona mjinga. Miaka yote nilidhani kifuko ni cha bure, kumbe kilikuwa ndani ya bei ya dagaa, na mama yule alikuwa akipata hasara ndogo ndogo siku nzima. Ninyi mlioko hapa wa sokoni mnalijua hili kuliko mimi. Mngetangaza tu: mwenye chombo chake anapata nyongeza. Hakuna kanuni ya serikali itakayowashinda kwa nguvu.

Pakiti ndogo ndizo zilizonishinda. Pindueni chupa yoyote mtaona namba chini yake, ndani ya pembetatu: 1 ni PET ya chupa za maji, 2 ni polithini ngumu ya madumu, 5 ni polipropilini, na kadhalika. Pembetatu ile haina maana kwamba kitu kitarejelezwa, inakwambia tu ni plastiki gani. Sasa chukueni pakiti ya sabuni. Ni tabaka juu ya tabaka, plastiki moja ya nje inayoshika rangi, mara nyingi aluminiamu katikati, plastiki nyingine ya ndani inayojifunga kwa joto, zote zimegundishwa. Hakuna mtambo wa kawaida unaozibandua. Ndiyo maana hujawahi kumwona muokota makopo ameinama kuokota pakiti ya sabuni. Yeye ndiye mtaalamu, akiiruka, ujue haina bei.

Rahisi kusema, nunua mfuko mkubwa. Mwenye kipato cha siku hanunui mfuko mkubwa. Kampuni zililijua hilo, zikamletea sabuni ya mia mbili katika kifuko cha mia mbili, na kila mtu akasifu kwamba maskini amefikiwa. Lakini huyu mtu alikuwa amefikiwa zamani, na duka la kupima! Mafuta ya kupima yapo hadi leo, unakwenda na kichupa chako unapimiwa ya mia tano. Kwa nini sabuni isipimwe, dawa ya meno ya unga isipimwe, majani ya chai yasipimwe? Na mtu asiniambie pakiti haziwezi kuondolewa. Tarehe 1 Machi 2017 viroba vya pombe vilipigwa marufuku Tanzania, vile vilivyokuwa vimetapakaa kila kituo cha daladala. Vikaisha. Pombe haikuisha, mnajua wenyewe, ila ilirudi kwenye chupa.

Kabla sijatoka jikoni, mambo mawili ya afya, na haya nayasema kama mwalimu wa kemia bila utani. Acheni kufunika wali kwa nailoni. Najua unaiva vizuri, mvuke hautoki. Lakini polithini laini inaanza kulegea karibu na joto la maji yanayochemka, na ndani yake mna rangi na dawa nyingine ambazo hazikutengenezwa ziliwe. Jani la mgomba lililopitishwa motoni linafanya kazi ileile na linanukia. La pili, acheni kuwashia mkaa kwa plastiki. Nimesema polithini ni ndugu wa mshumaa, na ikiungua kwenye joto kali na hewa ya kutosha inaishia maji na kaboni dioksidi. Jiko linalowashwa halina joto hilo wala hewa hiyo. Linafuka masizi na kaboni monoksidi, na kama kati ya vipande vyako kimo cha PVC, kwa mfano ganda la waya wa umeme, moshi ule unaweza kubeba dioksini, sumu isiyo na haraka. Anayeuvuta ni mama aliyeinama na mtoto aliye mgongoni. Magunzi ya mahindi yapo, makumbi ya nazi yapo, vifuu vipo.

Tunapozitupa, zinakwenda wapi? Jiji hili lina historia yake. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulishtaki Jiji kwa kumwaga taka kati ya nyumba zao, wakashinda, na mahakama ikakumbusha haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 wakazi wa Mtongani nao wakaenda mahakamani, wakashinda. Zikahamia Vingunguti. Zikahamia Mtoni. Sasa ni Pugu Kinyamwezi. Mimi husimulia wanafunzi habari hii na kuwauliza: kila mtu alishinda kesi yake, mbona taka hazikushindwa? Ziliondolewa mbele ya nyumba ya mtu zikapelekwa mbele ya nyumba ya mtu mwingine. Na hizo ndizo zilizopata gari. Nyingine huchukuliwa na mvua hadi mto Msimbazi, na Jangwani pakifurika tunalaumu mawingu.

Duniani hali si nzuri zaidi. Hesabu iliyochapwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba kuanzia miaka ya 1950 hadi 2015 binadamu alitengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki. Kati ya iliyokwisha kuwa taka, asilimia 9 tu ndiyo iliyorejelezwa, 12 ikachomwa, 79 ipo majalalani, mashambani na baharini. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema tusihangaike, zitarejelezwa, namkumbusha hiyo tisa. Huko Lamu mafundi waliunda jahazi zima kwa plastiki zilizookotwa na kandambili kuukuu, wakaliita Flipflopi, likazinduliwa 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Kazi ya mikono iliyotukuka. Ila mimi nilipoliona kwenye picha, na rangi zake zote zile, nilijiuliza ni majahazi mangapi yaliyobaki pale ufukweni.

Sasa nairudia methali yangu. Nenda dukani ukanunue kreti la soda za chupa za kioo bila kreti tupu. Utaulizwa: chupa ziko wapi? Ukitaka kuondoka na soda moja, utaacha pesa ya chupa, na utarudi kuifuata hata kama ni kidogo, kwa sababu ni yako. Tumeishi na utaratibu huu tangu kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Haukuletwa na mradi, haukufanyiwa semina. Na nani kati yenu amewahi kuona mtaro umezibwa na chupa za soda za kioo? Kila chupa ile ina mwenyewe. Kampuni inaitaka, duka linaitaka, mtoto wa jirani anaitaka.

Kampuni zilezile zikaleta chupa ya plastiki, soda ileile, na chupa hii haina mwenyewe. Haina pesa juu yake. Ikidondoka njiani mtengenezaji hapotezi hata senti. Kinyume chake, ameepuka gari la kuirudia, ameepuka kuiosha, ameepuka kuipanga. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi! Na hasara yote imebaki kwetu wenye njia. Wanaokuja kuipunguza ni waokota makopo, wanaoamka alfajiri kabisa, na viroba begani, wakalipwa kwa kilo. Chupa tupu ya PET ina uzito wa gramu chache tu. Pigeni hesabu kilo moja ni kuinama mara ngapi.

Wajerumani waliweka amana ya senti 25 juu ya chupa ya plastiki mwaka 2003, na leo karibu zote zinarudi. Sisi hatuhitaji kwenda Ujerumani kujifunza. Tunahitaji kuwaambia wenye viwanda warudishe kwenye plastiki kile walichokifanya wenyewe kwenye kioo kwa miongo mingi. Mataifa yalikubaliana Nairobi, Machi 2022, kwamba uandikwe mkataba wa dunia juu ya plastiki. Agosti 2025 huko Geneva walikuwa bado wanabishana, wakaagana bila mkataba. Sisi tusisubiri wamalize.

Kwa hiyo wabunge wakija kuomba kura, msiwaulize habari za siku ya usafi na fagio za kupigia picha. Waulizeni: chupa ya plastiki itawekewa pesa lini? Wenye maduka, rudisheni kupima. Walimu, kwenye mahafali ya shule msigawe maji ya chupa. Na majumbani, mkishindwa yote, tenganisheni tu kilichokauka na kilichooza, muokota makopo asilazimike kuchakura pampasi ili apate chupa zenu.

Nimepita muda wangu, mwenyekiti ananitazama. Maji ya kunywa yapo kwenye ndoo pale mlangoni, na vikombe vya bati tumeviazima kwa jirani. Aliyekunywa arudishe kikombe. Na pakacha likishamaliza kuzunguka mniletee hapa mbele. Nimenunua maembe njiani, nitayabebea humo hadi nyumbani, kisha nitalitupa.